Kubana Pua

Kazi yangu ni kubana watoto pua. Nasema kwa utani, lakini ndivyo ilivyo. Nafundisha kughani mashairi katika shule moja ya kibinafsi hapa mjini Machakos, na somo la kwanza halibadiliki: bana pua, sema baba. Mtoto aliyelelewa kwa Kikamba akisema "mbamba," sauti inakwama puani, macho yanamtoka, wenzake wanacheka. Akisema "baba" kwa midomo pekee, amepita, tunahamia dada, kisha gari. Msimu wa mashindano ukifika wanasimama jukwaani wakitamka kama watu wasio na kijiji, na wazazi wao wanapiga makofi mpaka viganja viwe vyekundu.

Mimi nami nilianzia huko huko. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi kule Muthetheni, nimepewa shairi kuhusu maji, lenye kibwagizo "tuondoe shida." Nilikisema nilivyokisikia nyumbani: tuondoe sinda. Kwetu hakuna aliyeona kasoro, maana midomo yetu haikuwa na sh, na d haikutoka bila n kuitangulia. Siku ya mashindano ukumbi uliangua kicheko. Waliosikia walidhani nasema shinda, kwamba naomba tuondolewe ushindi, na kweli tuliondolewa, tukarudi nyumbani mapema.

Mama hakujali matokeo. Aliupenda mstari ule. Alikuwa akirudi kutoka mtoni anatua mtungi mlangoni na kusema, "Tuondoe sinda," nami namjibu na mstari unaofuata, hata kama nilikuwa nimenuna. Nilipoingia sekondari nikampata mwalimu aliyenibana pua bila huruma, na mimi nikawa na bidii ya kijinga. Nilisema peke yangu bafuni, nilisema nikiokota kuni, nikirudia neno mpaka lipoteze maana. Nilitaka nisichekwe tena. Hilo nililipata.

Hakuna aliyeniambia bei yake. Sokoni hapa mjini nikiuliza nyanya, muuzaji ananijibu kwa heshima kisha ananiongezea shilingi, kwa kuwa ameamua mimi ni mgeni. Majirani zangu, familia ya Kiislamu yenye asili ya pwani, walinikaribisha mwanzoni wakidhani wamepata mwenzao, na mama mwenye nyumba akaniuliza kwetu ni Mombasa sehemu gani. Nilipomwambia ni Muthetheni alicheka kwa upole, akanimiminia chai, na tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Nikienda pwani kweli, nikisema sentensi mbili wanajua natoka bara. Mwacha mila ni mtumwa, na mimi naongeza kwamba mtumwa huyu hana hata bwana. Jioni nikifunga mlango huwa najisemesha kwa sauti, na sauti ninayoisikia ni nzuri, na ni ya mtu nisiyemjua.

Mwaka huu simu yangu iliibiwa, na laini ikapotea nayo. Nikanunua nyingine, na mtu wa kwanza kumpigia akawa mama, kumpa namba mpya. Aliiona namba ngeni akajibu kwa Kiswahili. Nikamwambia ni mimi. Akasema wameonywa kanisani kwamba siku hizi wezi wana mashine ya kuchukua sauti ya mtoto wako, wanakupigia wakilia wamelazwa hospitali, nawe unatuma pesa.

Nikahamia Kikamba. Akasema hata wezi wamezaliwa na mama Wakamba, na Kikamba changu kimenyooka mno, kama cha mhubiri aliyejifunzia kitabuni. Niliumia. Nikamwomba aniulize kitu chochote. Akafikiri.

"Ukiwa ni yeye," alisema, "sema ile ya maji. Vile ulikuwa unasema."

Ulikuwa mtihani wa haki. Hakuna mashine duniani yenye mstari ule. Nilifungua mdomo, na kwa mazoea ya miaka likatoka neno safi: tuondoe shida. Hapana, akasema mama, si hivyo. Nikajaribu tena, safari hii nikikusudia. Nikairudisha n mahali pake, nikailaza sh ikawa s, nikaivuta sauti kidogo puani. Nikajisikia nikisema kama wale wachekeshaji wa televisheni wanaoigiza bawabu Mkamba ili nchi nzima icheke. Kila herufi ilikuwa sahihi. Kazi yangu ni kuiondoa midomoni mwa watoto, kwa hiyo niliijua, ningeweza kumpa mtoto alama zote kwa uigaji ule.

Mama alivuta pumzi. "Usinicheke," akasema, na kukata.

Nilipiga tena, hakupokea. Jumamosi nikaenda nyumbani mwenyewe. Nilimkuta ameketi uani akichambua mbaazi kwenye ungo, na alifurahi kuniona mpaka akamwaga kidogo. Nikaketi kando yake nikachambua pia. Alinisimulia kwa Kikamba, kwa fahari, alivyomnasa mwizi. Sauti ilikuwa yangu kabisa, alisema, hata ile pumzi ya kabla ya kuongea. Lakini alimtega, na mwizi akaanza kumwigiza anavyoongea, kama watu wa mjini wanavyomwigiza. Hapo ndipo alipojua.

"Mtoto wangu hawezi kunifanyia hivyo," alisema.

Nikaomba simu yake nimwekee namba yangu mpya. Nilipoandika tarakimu za kwanza simu ikanionyesha kwamba namba ile imo tayari. Alikuwa ameihifadhi mwenyewe, kwa jina la Mwisi, kama anavyolitamka, ili akipiga tena amjue. Ningeweza kulifuta jina lile nikaandika langu, yakaisha. Yeye haangalii namba, anaangalia majina. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini nilikuwa nimechoka kutokujulikana, na afadhali anijue kwa ubaya kuliko kutonijua.

Nikamwambia, "Mama, huyu ni mimi."

Aliitazama simu, akanitazama mimi, akarudi kwenye mbaazi zake. Alitoa vijiwe, akavitupa kwa kuku, wakavikimbilia na kuviacha. Nilisubiri anigombeze. Asubuhi yote tulikuwa tumeongea Kikamba, lakini sasa aliuliza kwa Kiswahili, polepole, jinsi anavyowauliza wageni wanaopita njiani:

"Basi, mbona ulikuwa unanicheka?"