Kisanduku Kilichonyamaza Kila Radi Ilipopiga

Sijui kama nitaeleza vizuri, maana shule yangu iliishia darasa la saba na habari yenyewe ni ya mitambo. Nilikuwa mtu wa zamu kwenye kituo cha kupoza umeme, nje kidogo ya Ifakara. Kila saa nilisoma mita, nikapiga simu Morogoro kuwaambia zinasemaje.

Kisha akaja injinia, dada mdogo kwangu kiumri. Akaunganisha vifaa vyote kwa waya za mtandao hadi kwenye kisanduku kimoja chenye vitaa vya kijani. Tangu hapo Morogoro wakawa wanaona mita zetu kwenye kompyuta bila mimi kufungua mdomo.

Wenzangu walinitania kwamba kisanduku kimenirithi kiti nikiwa hai. Niliogopa, sikatai. Lakini kila nikipata nafasi nilikwenda chumba cha pili kukichungulia. Vitaa vilicheza kama watu wanaoitikiana. Umeme unageukaje kuwa habari? Na habari hiyo inapitaje njia yote ya Mang'ula hadi Morogoro bila kupotea?

Shida ikaja na masika. Radi ikianza tu, Morogoro hawaoni kitu. Ikitulia, wanaona tena. Injinia alibadilisha waya, akapima, hakupata kasoro. Mwishowe bosi wake akauliza kwa simu, nami nasikia: "Huyo wa zamu si ndiye anayekosa kazi mtandao ukikubali?"

Injinia aliniangalia. Simlaumu, ningekuwa yeye, hata mimi ningemshuku mtu wa zamu.

"Kaka, leo tukae wote hapa mpaka mvua ije," akaniambia. "Kama siyo wewe, nitaona kwa macho yangu."

Alasiri wingu likashuka kutoka milima ya Udzungwa. Tukaketi mbele ya kisanduku. Radi ikapiga, vitaa vikaendelea kucheza, nami nikawaza: sasa ataona hakizimi kwa kuwa nimekaa mbele yake. Mara mlango ukafunguka, akaingia mama anayetufanyia usafi, khanga kichwani. Akatupita kama hatupo, akachomoa plagi ukutani. Vitaa vikazimika.

"Mama!" injinia akaruka.

"Mama nini? Radi hiyo hamuisikii? Watu wazima mmekaa mnatazama kitu kinawaka! Kwangu hata redio nachomoa."

"Kumbe huwa unachomoa?"

"Kila radi. Ikitulia narudisha. Kingeungua, mngesema mfagiaji alikuwa wapi?"

Injinia alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamweleza kwamba waya uendao Morogoro ni nyuzi za kioo, zinapitisha mwanga tu, radi haina njia humo.

"Na huu wa ukutani nao kioo?"

"Huo hapana, mama. Huo tumeuwekea kinga."

"Si mngesema, wanangu."

Kweli, hakuna aliyemwambia. Akarudisha plagi mwenyewe, taratibu, uso kaugeuzia pembeni.

Injinia akapiga simu palepale, sauti wazi ili nami nisikie. "Siyo yeye, bosi. Tulimshuku bure."

Bosi akajibu: "Basi mwambie asome mita ya laini ya umeme iendayo Mchombe, nilinganishe na ninachokiona."

Nikaenda kwenye mita, nikarudi nikamsomea kwa simu polepole kama zamani.

"Namba ni ileile," sauti ikajibu.

Nilifurahi kwamba mimi na kisanduku tumesema kitu kimoja. Halafu nikashangaa kwamba nimefurahi.