Simu ya Mama Iliyozima Saa Saba

Nilinunua simu mbili za aina moja, siku moja, katika duka moja la Mwanza mjini. Moja ilikuwa yangu, nyingine ya mama, anayeishi peke yake kijijini Busisi na anayeumwa presha. Nilitaka nimpate wakati wowote.

Yangu ilikaa na chaji hadi usiku. Yake ilizima saa saba mchana, na kwake hakuna umeme, kwa hiyo huipeleka senta kuchaji kwenye duka lenye sola. Nikaona kosa ni lake.

“Mama, unaacha tochi inawaka.”

“Tochi ya nini, mwanangu, na jua lote hili?”

Niliendelea kumgombeza: punguza mwanga, zima data, kama huitumii izime kabisa.

Alipokuja mjini kliniki, tulizipeleka simu zote mbili kwa fundi wa Nyakato. Akazikagua, akacheka.

“Kaka, hizi zinafanana sura tu. Chipu zake zimetoka viwanda viwili tofauti. Hii ya bimkubwa inakula chaji.”

“Chipu haibadilishwi?”

“Labda ubadilishe simu.”

Nikampa mama simu yangu, nikachukua yake, nikamwomba radhi.

Kesho yake nilimpigia asubuhi, hapatikani. Mchana, hapatikani. Jioni akapiga mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani.

“Chaji bado imejaa. Nimeizima tangu jana, kama ulivyosema.”

Nilimweleza upya, taratibu, naye akaitikia kila neno. Kisha akasema tusiimalize chaji, akaizima simu.