Tawi la Shangani

Magoti yangu ndiyo yaliyoanzisha habari za tawi. Nauza supu ya kongoro hapa Chuno tangu wanangu wakiwa wadogo, na sasa wote wako Dar es Salaam na hakuna hata mmoja anayetaka kusikia habari za kwato. Kila nikiinama kuchochea moto najiuliza: siku nikishindwa kuamka, nani ataipika?

Ndipo akaja mama mmoja, Mhaya, mumewe kahamishiwa bandarini. Alikunywa supu yangu siku nyingi kabla ya kusema shida yake. "Mama, nikubalie nifungue tawi kule mtaa wa Shangani. Jina lako, mapishi yako, kila kitu kama hapa. Mwisho wa mwezi nakuletea fungu lako."

Alirudia hilo la kila kitu kama hapa, na mimi mjinga nikadhani anasema mambo ya chumvi.

Nikamjibu nitafikiri. Jina nimelitolea jasho. Akiwajazia watu maji kwenye mchuzi, atakayesemwa ni nani? Lakini magoti nayo yalikuwa na hoja zao. Nikamwambia aje kwanza ajifunze.

Mkono wa kupika anao, simnyimi haki yake. Baada ya siku chache supu yake ilinitia wivu. Kilichomshangaza ni wateja. Mimi ni Mmakua, na wateja wangu wengi ni Wayao, watani zangu tangu mababu, na mtani hudai nguo za marehemu hata msibani. Hatusalimiani bila kuvunjiana heshima. Mzee wa watu anakaa tu, namwambia, "Kunywa polepole, hilo shati nalitaka zima siku ya mazishi yako." Naye ananijibu kwamba nitatangulia mimi, na sufuria ataibeba yeye. Tunacheka, anaongeza chapati. Mgeni wangu aliyatazama yote hayo kwa makini kama mwanafunzi wa mtihani, na mimi sikumweleza kitu. Nani anaelezwa utani? Mtu anazaliwa nao.

Asubuhi moja magoti yakagoma kabisa, nikamwachia banda. Akaja jirani yetu, fundi baiskeli, Mmakonde, mtu wa kimya. Yule mama akampa bakuli kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema kwa sauti ya mapokezi ya hoteli, "Karibu sana, baba. Hilo shati nitalichukua siku ya mazishi yako."

Fundi aliiacha supu pale pale. Maneno hayo yakitoka kwa mtani, ni pilipili ya supu. Yakitoka kwa mgeni anayetabasamu, ni taarifa. Fundi akaenda kulala na homa, akatuma ujumbe kwao, na kesho yake mjomba wake akashuka bandani na bodaboda kutoka kijijini Mpapura. Na huku kwetu, ukiona mjomba kaja, ujue jambo si dogo.

"Tunataka kujua," alisema bila kukaa. "Huyu mama ameona nini kwa mpwa wangu?"

"Nilikuwa namkaribisha mteja tu!" mwenzangu akasema.

Nilieleza mpaka jasho likanitoka. Mjomba alisikiliza, akampima yule mama kuanzia kilemba mpaka kandambili, kisha akaangua kicheko huku ameshika nguzo ya banda. "Kumbe hana mtani mji mzima! Maskini wa Mungu. Haya, kuanzia leo ni mtani wetu sisi. Wewe Mhaya mla senene, nipe supu, na majivuno yenu usiyatie humo."

Nikafumba macho. Midomo ilikuwa inamcheza yule mama, nikajua sasa analia. Akajaza bakuli, akaligonga mezani. "Kunywa, mzee. Na ukikuta mkia usifurahi, si panya wa kwenu."

Mjomba alicheka mpaka akatoa machozi. Fundi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya bodaboda, akajitokeza kudai supu yake ya jana.

Siku ile ile nikakata shauri. Jioni nikamwita, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayegawa urithi, "Mwanangu, jina nimekupa. Kafungue."

Akanishika mikono. "Asante, mama. Lakini nimebadili mawazo. Nikitumia jina lako, kila mtu atakuja kuuliza wewe uko wapi. Nataka waje wanitukane mimi."

Niliumia, sitadanganya. Muda wote ule nilijipima nimpe au nisimpe. Kwamba anaweza kukataa, halikunipitia kichwani. Nikamwambia ni sawa, Mungu ambariki.

Alipofungua nilikwenda Shangani kuonja. Supu ni ile ile yangu, haijapungua kitu. Watu wamejaa, wanamtukana, naye anawarudishia kwa kelele. Nikakaa nikingoja zamu yangu, jibu nimeshalipanga mdomoni. Akaniletea bakuli kwa taratibu, akalifuta ukingo kwa kitambaa, akasema, "Karibu sana, mama."

Banda zima asubuhi ile lilitukanwa, isipokuwa mimi.