Boti Yenye Mlango

Kabla sijanunua boti, sikuwahi kulala nyuma ya mlango uliokuwa wangu. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nilikozaliwa na kusoma shule ya msingi, nyumba yetu ilikuwa na pazia. Lilikuwa kanga ya marehemu mama, ya njano, na upepo ukivuma wapita njia waliona mpaka sufuria zetu. Hatukuona vibaya. Mgeni alisimama nje, akapiga hodi, na mkubwa aliyekuwa ndani akaitikia karibu. Mimi nilikuwa kitindamimba. Daima kulikuwa na mkubwa ndani, kwa hiyo kuitikia haikuwa kazi yangu.

Tulipoletwa Amerika nilianzia Louisville, kwa kaka yangu. Sisi watu wa upande wa Kongo mkubwa wako unamwita yaya, awe mwanamume au mwanamke, nami sijawahi kumwita vingine. Yaya alikuwa na mke, watoto wanne na vyumba viwili. Mimi nilipewa kochi la sebuleni. Usiku tulifanya kazi pamoja kwenye ghala kule Jeffersontown, tukifunga maboksi, na asubuhi nilijilaza wakati watoto wanakunywa chai mbele ya televisheni. Yule mdogo wao alizoea kukaa juu ya miguu yangu. Nikiisogeza, ananiambia kwa Kiingereza nisimsumbue.

Baadaye shangazi yangu wa Columbus aliumwa mgongo, nikahamia kwake, mtaa wa Linden, ili nimsaidie. Huko pia nilipewa kochi, zuri kuliko la kwanza. Lakini kochi lile lilikuwa pia kanisa. Kila Jumatano kundi la maombi lilikutana sebuleni, akina mama wakajaa juu ya kitanda changu, wakaimba na kulia, na baada ya amina wakaletewa chai. Mimi nilikaa jikoni juu ya gunia la mchele, nikisinzia, nikingoja mama wa mwisho akumbuke kwamba naye ana kwake.

Sisemi haya kwa kulalamika. Walinipa walichokuwa nacho, na kochi la ndugu ni bora kuliko kitanda cha hoteli. Lakini mtu akilala sebuleni miaka, anajifunza kulala kama mgeni. Nilikunja blanketi langu kabla jua halijatoka. Nilikohoa taratibu. Hata kulia, siku niliyohitaji kulia, nililia bafuni huku bomba likiwa wazi.

Shangazi alipopona nilipata kazi Buffalo, kwenye kiwanda kikubwa kinachofua mashuka ya hospitali. Nikapanga chumba karibu na Grant Street pamoja na vijana watatu wa Kirundi. Mlango ulikuwepo, ila ulikuwa wa watu wanne, na mmoja wetu alipenda kupiga simu nyumbani kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Ndiyo sababu siku za mapumziko niliwasha gari langu bovu na kwenda kuvua samaki kwenye mfereji, mbele ya Lockport, mahali palipo kimya.

Mfereji ule ni wa zamani sana. Maji yake yamesimama kama chai iliyotiwa maziwa, na kando yake kuna njia ambayo watu hupita na baiskeli na mbwa zao. Nyuma ya nyumba moja palikuwa na gati dogo la mbao, na kwenye gati boti nyeupe iliyochoka, ikiwa na tangazo kwamba inauzwa. Mwenyewe alikuwa mzee Mmarekani, magoti yake yamekwisha. Alinikuta naitazama.

"Ingia uone," akasema.

Niliingia kwa heshima tu. Ndani palikuwa na chumba kidogo ambamo mtu mrefu hawezi kusimama. Kulikuwa na benchi lenye godoro jembamba, jiko la moto mmoja, na dirisha lenye ukubwa wa sahani. Na kulikuwa na mlango. Mlango wa mbao, wenye kitasa cha shaba na ufunguo wake. Mzee alikuwa nje, na sijui kwa nini, niliuvuta ukajifunga. Nikasikia ule mlio wa kitasa. Nikakaa gizani kidogo, halafu nikaona haya, nikatoka na kumwambia kwamba naitaka.

Aliniuzia kwa bei ya baiskeli nzuri, akaniruhusu niiache pale pale gatini. Alinifundisha kuwasha injini, kufunga kamba, kupunguza mwendo nikipishana na wenzangu. Na jambo la mwisho aliloniambia lilikuwa hili: "Kumbuka kuitoa kabla hawajaondoa maji."

Nilielewa kila neno. Nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nilijisemea kwamba mzee ana utani. Nani anaweza kuondoa maji? Watu wetu wanatoka kando ya Ziwa Tanganyika, na tangu nimepata akili sijasikia mtu akisema ziwa limeondolewa. Ningemuuliza, angenieleza. Lakini mimi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa. Mimi kuuliza swali ni kama kugonga mlango wa watu wanaokula.

Nilipompigia shangazi simu kumpa habari, alinirudisha nyuma niseme tena.

"Boti ya kufanya nini?" akasema, akichanganya Kifaransa kidogo kama watu wa kwetu. "Bon, ile motokari yako inakufa kila siku, sasa unaongeza na boti?"

"Ina chumba, shangazi."

"Chumba! Mutu anaenda kutafuta chumba ndani ya maji!"

Lakini alicheka, na mwisho aliniombea.

Kiangazi chote nililala botini kila nilipokuwa na mapumziko. Mara ya kwanza kuiendesha niligonga ukingo, mara ya pili nikagonga gati lenyewe, na mzee akaning'inizia matairi makuukuu ubavuni mwa boti bila kusema kitu. Nikazoea. Nilipita chini ya madaraja polepole, bata wakinipisha bila haraka. Jioni nilipika wali, nikafunga mlango, nikakaa. Sikufanya lolote. Blanketi langu nililiacha bila kulikunja, na asubuhi nililikuta vile vile nilivyoliacha.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, mzee alikuja gatini na fimbo yake.

"Umepata gari la kuivuta?" akauliza. "Wanaanza wiki ijayo."

"Wanaanza nini?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza swali, nalo lilikuwa limechelewa miezi mitano. Alinieleza taratibu. Kila mwaka baridi ikikaribia, watu wa mfereji hufunga malango na kuyaachia maji yaende zake, na mfereji hubaki mtaro wa matope mpaka majira ya kuchipua. Boti inayosahauliwa hukaa juu ya mawe, hulala ubavu, na barafu huipasua. Trela alikuwa nayo, imelala kwenye majani nyuma ya nyumba, lakini winchi yake ya kuvutia boti ilikuwa imekufa, na gari lake kubwa alishaliuza. Gari langu halikuweza kuvuta hata toroli.

"Una watu wa kukusaidia?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikatoa simu. Tuna kundi letu la ukoo kwenye simu, ambamo mimi husoma tu. Niliandika, nikafuta. Niliwaza: nimeondoka kwenye makochi yao ili nisiwe mzigo tena, na sasa niwaite watoke Kentucky na Ohio kwa sababu ya boti? Nikaandika tena, nikafuta. Wiki iliyofuata niliona ukutani mwa mfereji mstari wa unyevu, upana wa kiganja, pale maji yalipokuwa jana. Hapo sikuandika. Nilibonyeza na kusema kwa sauti: maji yanaondoka, boti yangu itapasuka, siwezi peke yangu.

Shangazi ndiye aliyejibu kwanza. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Weye mutoto. Kwetu Baraka, kule ziwani, mutumbwi haivutwi na mutu moja. Hata tajiri. Anasimama mbele, anaita watu, na kila mwenye kugusa kamba anakula samaki. Donc ulifikiri utavuta na nani, na malaika?"

Kisha yaya, ambaye huniita petit, yaani mdogo wake: "Petit, nina pikapu. Jumamosi. Napita Columbus nimbebe shangazi. Usifanye kitu."

Walifika Jumamosi asubuhi, yaya macho mekundu kwa safari ya usiku kucha, shangazi amevaa koti juu ya vitenge viwili. Mimi nilikuwa ndani nikifungafunga vyombo. Nikasikia sauti ya shangazi ukingoni.

"Hodi! Hodi kwa mwenye boti!"

Niliendelea kufunga vyombo. Nilikuwa nangoja mtu aitikie. Nilipokumbuka kwamba humo ndani hakuna mkubwa mwingine, niliweka sufuria chini.

"Weye uko ndani? Unatuacha inje na hii baridi?"

"Karibu," nikasema. Ilitoka ndogo, nikairudia. "Karibuni ndani."

Shangazi aliinama akaingia, akatazama benchi, jiko, dirisha. Alishika kitasa, akakizungusha, akakiachia. "Nilizani ni meli," akasema. Halafu akanishika shavu kama nilipokuwa mtoto.

Maji yalikuwa yameshuka sana. Tuliisogeza boti kwa injini na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mpaka kwenye mteremko wa zege ambao si mbali na gati, yaya akarudisha trela kinyumenyume majini. Hapo ndipo tulipoona tatizo. Maji hayakutosha kuibeba boti mpaka juu ya trela. Pua ilifika, lakini tako lilikaa kwenye matope. Tukafunga kamba ndefu puani, tukavuta, mimi, yaya na shangazi mwenye mgongo wake. Boti haikutikisika. Mzee naye alikuja na fimbo, akashika ncha ya kamba, na bado.

Juu kwenye njia watu walikuwa wamesimama kututazama: mama mwenye mbwa, vijana wawili wa baiskeli, mume na mke waliokuwa wanatembea. Wamarekani hawaingilii mambo ya mtu mpaka waitwe.

"Yaya, waite," nikasema.

"Mimi? Boti ni ya nani?"

"Wewe Kiingereza chako ni kizuri."

"Petit, ile si shauri ya Kiingereza."

Nikamtazama shangazi. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la barafu alilokuja nalo, mkono kiunoni. "Mwenye mutumbwi ndiye anaita," akasema. "Nikiita mimi, itakuwa boti yangu. Na mimi sina mahali pa kuiweka kule Linden."

Maji yaliendelea kushuka. Hayakuwa na kelele, ila ukiangalia jiwe moja, ulikuta jingine limetokea pembeni yake. Nilitazama mlango wa boti yangu, ulivyoinama kidogo sasa. Nikaweka mikono mdomoni, nikaita kwa Kiingereza changu, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia ikitoka kwangu:

"Tafadhali! Hii ni boti yangu! Njooni mshike kamba!"

Sikujua kwamba watu wanaweza kuwa wanangoja kuitwa. Vijana walitupa baiskeli kwenye majani. Mume na mke wakashuka wakivua glavu. Mama akaja na mbwa wake, na mbwa, kwa kuona kila mtu ameshika, akauma kipande cha kamba kilichobaki nyuma, akavuta naye. Shangazi akasimama akapiga makofi, polepole kwanza, na kila kofi tukavuta. Tulivuta, ikagoma. Tulivuta, ikagoma. Kisha matope yakatoa mlio kama wa busu kubwa, yakaiachia, na boti ikapanda juu ya trela, ikichuruzika maji pande zote.

Watu walishangilia. Mimi nilikaa chini, kamba bado mikononi.

Shangazi alifungua lile sanduku. Lilikuwa limejaa samaki aliowakaanga Columbus, wamefungwa mmoja mmoja kwenye karatasi ya foili. Akampa kila aliyegusa kamba. Mzee alikataa, akasema hakufanya kitu.

"Mwambie aligusa," shangazi akaniambia. Nikamwambia. Akapokea. Mbwa naye akapewa wake, bila miiba, kwa sababu shangazi alisema sheria ni sheria.

Boti ilivutwa mpaka uani kwa mzee, ambako ingekaa mpaka maji yarudi. Jua likaanza kushuka, na yaya hakuweza kuendesha zaidi bila kulala. Kwenye chumba chetu cha Grant Street hapakuwa na nafasi hata ya kusimama. Kwa hiyo walipanda ngazi wakaingia botini, pale juu ya trela, yaya akajinyoosha kwenye benchi, miguu ikining'inia, na shangazi akawasha jiko achemshe chai.

Mimi nilibaki chini nikisafisha kamba kwa bomba la mzee. Nilipomaliza, nilipanda ngazi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya baridi, na ndani nilisikia wanaongea. Nikasimama pale, nikavua viatu, nikagonga taratibu.

"Hodi."

Yaya akaangua kicheko mpaka boti ikatikisika juu ya trela.

"Shangazi, sikia! Mwenye nyumba anapiga hodi!"

"Muache," shangazi akasema, naye akicheka. "Atazoea. Weye mutoto, ingia, chai inapoa."

Nikazungusha kitasa, nikaingia kwangu.