Igino Gonano na Jiko Lililojizimia

Katika mabonde ya milima ya Carnia, gari la fundi likionekana limeegeshwa mbele ya nyumba, majirani huuliza kwanza nani amefariki. Wakiambiwa ni jiko tu limeharibika, huonekana kusikitika zaidi. Mwanamume wa kule hujijengea nyumba, huipiga plasta na kuvuta umeme kwa mikono yake, na akiteleza kutoka kwenye paa aliloliezeka mwenyewe, watu huona amekufa kwa heshima.

Igino Gonano alikuwa wa aina hiyo bila kasoro. Ujana wake aliumaliza Uswisi akichimba mahandaki ili treni za watu wengine zipite. Kila Desemba alirudi na sanduku la zana na kikohozi, na katika likizo hizo akaijenga nyumba, chumba baada ya chumba. Alipostaafu na kurudi moja kwa moja, ilibainika kwamba yeye na mkewe Nives hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Lakini walikuwa wamezoeana, na kule hilo huhesabiwa kuwa mapenzi.

Vuli ile mapafu ya Nives yalimsaliti, akalazwa hospitali kule mjini Tolmezzo. Nafuu ilipopatikana, daktari alisema hamruhusu kurudi mlimani mpaka nesi wa wilaya apande aione nyumba, ahakikishe ina joto usiku na mchana. La sivyo, kulikuwa na kitanda katika nyumba ya wazee bondeni.

"Mimi nataka kulala kitandani kwangu, Igino," Nives alimwambia kwenye simu. "Sasa hilo jiko lako je?"

"Linatengenezeka."

"Hata mwaka jana lilitengenezeka. Nikalala na soksi mbili."

Jiko lenyewe lilikuwa la kupasha nyumba joto, la kisasa, lile linalokula punje za unga wa mbao ulioshindiliwa. Lina feni, lina skrubu inayozunguka kusukuma punje motoni, na linapokea amri kutoka themostati, kisanduku cha ukutani kinachopima joto la nyumba na kuliambia jiko liwake au lilale. Tatizo ni kwamba lilikuwa likilala bila kuambiwa. Siku moja linafanya kazi vizuri kabisa, hata Igino akaanza kulisifu; siku ya pili unakunywa kahawa, unasikia feni inashuka sauti, moto unafifia, na sebule inaanza kunuka moshi kama kanisa lenye ubani.

Akabadilisha betri za themostati. Jiko likatulia kwa muda, akajipongeza, likazima. Akanunua themostati mpya. Likatulia tena, likazima tena. Akasafisha chungu cha moto, akapangusa vipima joto, akalaumu punje kwamba zimetoka nchi isiyojua miti. Ugonjwa usiokaa mahali pamoja humfanya mtu amshuku kila mmoja, na Igino alishuku kila kitu isipokuwa waya uliotoka themostati hadi kwenye jiko. Huo ulikuwa waya wa kengele ya zamani, aliouzika ukutani mwenyewe alipokuwa akijenga. Ungewezaje kuwa na kosa?

Ottavio Puntel, jirani yake, aliyekuwa fundi umeme kabla ya magoti kumkatalia ngazi, alikuja bila kuitwa, kama ilivyo desturi.

"Nimesikia unamfufua maiti."

"Kaa chini, acha maneno."

Ottavio alichomoa nyaya mbili za themostati nyuma ya jiko, akaziba nafasi yake kwa kipande kifupi cha waya, palepale kwenye jiko, ili lidhani linaamriwa kuwaka wakati wote. Jiko likawaka. Likaendelea kuwaka siku ile, na zilizofuata, bila kukohoa.

"Umeona? Jiko ni zima. Ubovu uko kwenye themostati au njiani."

"Themostati ni mpya."

"Basi njiani. Lakini kwa sasa acha kipande hicho hapo. Nesi aje, mkeo arudi, halafu mtafute mchawi taratibu."

"Nesi akija akauliza themostati iko wapi?"

"Mwonyeshe picha ya babako! Mama wa watu anataka joto, wee unataka maonyesho."

Kazi ya kulipua, ya haraka isiyo na umakini, Igino alikuwa ameiona Uswisi. Ilikuwa imewaangukia watu. Nyumbani kwake haikuwahi kuingia. Asubuhi ya ukaguzi, akiwa amenyoa na kuvaa shati la siku za ubatizo wa wajukuu, alikitoa kile kipande cha waya, akazirudisha nyaya za themostati mahali pake, akazikaza kwa bisibisi. Jiko likaitika. Kisanduku cha ukutani kikaonyesha joto la kupendeza. Alisimama mbele yake kidogo, kama mtu anayetazama mchoro.

Nesi Marzia alifika na upepo. Mlango wa ukumbini ulimponyoka mkononi, ukajibamiza hadi vikombe vikalia kabatini.

"Samahani, baba."

"Si kitu, dada. Karibu. Joto unalihisi?"

"Nalihisi. Pazuri."

Akamwonyesha chumba, kitanda, dirisha lisilopitisha baridi. Walipokuwa wakizungumzia choo, Igino alisikia feni ikishuka sauti. Aliendelea kuongea, kwa sauti kubwa zaidi. Waliporudi sebuleni kioo cha jiko kilikuwa cheusi, na kidirisha chake kilisema linapoa.

"Limezima?"

"Linapumzika."

"Liwashe basi, baba, nione."

Majiko hayo yana ukaidi mmoja: likianza kupoa, haliwaki mpaka limalize kupoa, hata ulipigie magoti. Igino alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Marzia alikaa akisubiri, kisha akavaa koti lake taratibu, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuonekana anavaa koti.

"Ni mara moja moja tu," Igino alisema.

"Ndiyo hizo zinazonitia wasiwasi," alijibu nesi, na mlango akaufunga kwa mikono miwili.

Ni baada ya hapo Igino alikumbuka jinsi mlango ulivyojibamiza kabla jiko halijazima, akausogelea. Akamwita Ottavio aje na testa, kifaa chake cha kupimia umeme, wakaipachika kwenye nyaya, akaubamiza mlango. Sindano ikaruka. Akaubamiza tena, ikaanguka kabisa. Wakaubomoa ukuta kando ya fremu, na ndani ya plasta wakakuta nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole, bila kiungo, na tepu iliyokauka kama jani.

"Mpumbavu gani amefunga hivi?" Ottavio aliuliza, ingawa aliujua kila mkono uliogusa ukuta ule.

"Mswisi mmoja, aliyekuja likizo ya Desemba."

Ottavio akampa bisibisi. Wakaweka kiungo cha skrubu, wakafunika. Jiko halikuzima tena.

Nives alikuwa ameshahamishiwa nyumba ya wazee bondeni. Igino alimkuta kwenye kiti kando ya dirisha, amevaa blauzi nyepesi, mashavu yana rangi.

"Limepona," alimwambia. "Nimeubamiza mlango wiki nzima."

"Ottavio kanipigia."

"Nimeomba waje kukagua upya. Wanasema mwezi wa nne."

"Nimesikia." Aliinama akapanga kitambaa kisichohitaji kupangwa. "Ottavio anasema lilikuwa linawaka. Kabla hajaja yule dada. Anasema ulichomoa kitu."

"Halikuwa limetengenezwa, Nives. Lilikuwa limefungwafungwa tu."

"Lakini lilikuwa linawaka."

Igino akatazama vipasha joto vya chuma vilivyo chini ya dirisha, vilivyochomelewa vibaya, rangi imetiririka. Angeweza kueleza kosa la kila kimoja. Vilikuwa vya moto sana.

"Lilikuwa linawaka," alisema.

Wakaleta supu. Nives alikohoa, akaanza kunywa, akamsogezea mkate wake bila kumtazama.