Si Goti, Ni Kidole

Maumivu yalinikuta nikitawadha. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda uani kwetu Kyebando, alfajiri, birika mkononi, nimeshafika miguuni. Maji yalipogusa kidole gumba cha mguu wa kulia nilitoa sauti ambayo mke wangu, aliyekuwa ndani akitandika misala, alidhani ni ya paka aliyekanyagwa. Alitoka na taa ya simu, akainama, akaangalia. Kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa kama nyanya iliyopitiliza kuiva.

"Umejikwaa wapi, Mwalimu?"

"Sijajikwaa."

"Basi kimekuuma nini?"

Nilikuwa nimelala salama nikaamka na kaa la moto mguuni.

Watu huniita Mwalimu kwa kuwa nimefundisha Kurani na fiqhi kwa zaidi ya miaka arobaini. Wazee wetu walikuja huku na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa, wakabaki. Ndiyo maana nyumbani kwetu bado tunasema Kiswahili, wakati mtaa mzima unasema Kiganda. Katika miaka hiyo yote, jambo nililokuwa mkali nalo kuliko mengine ni vidole vya miguu. Wanafunzi wakisujudu, nilipita nyuma yao nikigusa kwa kijiti kila kidole ambacho hakikukunjwa kuelekea kibla. "Mwili mzima unasujudu," nilikuwa nikiwaambia, "hata huyu mdogo wa chini."

Asubuhi ile huyu mdogo wa chini alikataa. Nilipokwenda sijda na uzito ukamfikia, jasho lilinitoka, nikaanguka ubavu. Nilimalizia swala nimekaa kitandani, nikiinamisha kichwa tu. Hukumu yake naijua, nimeifundisha mara nyingi: mgonjwa huswali kwa kadiri ya uwezo wake, na thawabu zake hazipungui. Lakini kuwafundisha wengine ruhusa ni rahisi kuliko kuipokea mwenyewe. Maumivu niliweza kuyavumilia. Nilichoogopa, na niliogopa kwa miezi mingi, ni kwamba paji langu la uso halitagusa tena ardhi mpaka siku nitakayolazwa ndani yake.

Tulikwenda zahanati moja Kawempe. Daktari alikuwa binti wa umri wa wajukuu zangu, baba yake alikuwa askari, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisichojali sana ngeli. Aliangalia mguu bila kuugusa, jambo nililomshukuru moyoni.

"Mzee, pole sana. Hii iko gauti."

"Hapana, mwanangu. Goti langu ni zima. Ni kidole."

"Ndiyo, mzee. Gauti ya kidole."

"Kidole hakina goti, daktari."

Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Mke wangu naye akacheka, nami nikabaki nimeshika mguu wangu, sijui nachekwa kwa nini. Baadaye nilikuja kukumbuka kwamba Kiswahili kina neno lake, jongo. Marehemu bibi yangu alikuwa akilitaja. Lakini siku ile halikunijia, na yeye hakulijua. Alieleza taratibu: kuna uchafu katika damu, ukizidi huganda kama chembe za chumvi na kuingia kwenye kiungo. Nipumzike, niinue mguu juu ya mto, niweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, ninywe maji mengi na vidonge vya siku tano. Nipunguze nyama. Uvimbe ukiisha, nirudi kupimwa damu.

Tulipokuwa tukisubiri bodaboda, mke wangu alinong'ona kama mtu aliyefumbua fumbo.

"Hukumsikia vizuri. Alisema mbuzi."

"Mbuzi?"

"Kiingereza. Mbuzi kwa Kiingereza anatamkwa hivyo hivyo. Ni ugonjwa wa nyama ya mbuzi. Si alisema upunguze nyama? Ile supu ya kichwa unayoletewa kila akika ya mtoto, ndiyo hiyo imekuingia kidoleni."

Mke wangu alifika darasa la saba, mimi Kiingereza sikukisoma. Nilimwamini. Uvimbe uliisha kabla ya wiki kumalizika, nikamshukuru Mungu, na kwa kuwa nilikuwa mzima sikuona haja ya kurudi kupimwa. Tuliona dawa yetu tunaijua. Kuanzia siku ile mbuzi hakuingia tena nyumbani kwetu. Lakini mzee hawezi kuishi kwa matoke matupu, alisema mke wangu, mifupa italegea. Akaanza kunipa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, waliokaushwa na kusagwa. Unga wake aliutia kwenye mchuzi wa karanga, kwenye maharage, hata kwenye uji. Ijumaa alinikaangia maini ya ng'ombe, kwa hoja kwamba ng'ombe si mbuzi. Mimi niliyefundisha watu namna ya kufanya kiyasi, kulipima jambo kwa mfano wake, nilikula, nikaona hoja imesimama.

Jongo likarudi baada ya wiki sita. Likaondoka, likarudi tena. Kila liliporudi mke wangu aliongeza kijiko cha mukene.

Msikitini mwetu nilikuwa nasalisha adhuhuri na alasiri. Nikamwachia mwalimu mwenzangu. Jamaa wa safu ya kwanza walininunulia kiti cha plastiki, cheupe, wakakileta nyumbani wenyewe kwa heshima zote, nikiswalie. Niliwaombea dua, nikawapa chai, na walipoondoka nikakitoa uani. Mke wangu akaanza kukianikia nguo. Nilijua, naye alijua, kwamba mtu aliyegonga vidole vya watu kwa miaka arobaini alikuwa anaona haya kukaa juu ya kiti mbele yao.

Mukene tulikuwa tunauziwa na jirani yetu, mama Mkongo, Mkristo, anayeimba kwaya. Huwa anapita na beseni kichwani. Siku moja mke wangu alikuwa amelala, nikamwambia yule jirani aingie mwenyewe aweke unga jikoni, kwa kuwa nilikuwa nimelala kwenye mkeka mguu juu ya mito miwili. Alisimama mlangoni, akashusha beseni.

"Papa Shehe, ii mguu inakuwa hivi tangu lini?"

"Inakuja na kuondoka, mama. Ni ugonjwa wa mbuzi."

"Ya mbuzi?" Alishika kiuno. "Nani alisema ya mbuzi?"

Nikamweleza. Gauti, goti, mbuzi, yote. Alianza kucheka, kisha akaacha ghafla, akaangalia beseni lake.

"Na mama anakupikia hizi ndagala kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi kwenye uji."

"Yesu wangu! Miye ndiye ninakuua, Papa!" Alikaa chini kwenye kizingiti. "Baba yangu kule Bukavu alikuwa nayo. Kidole ile ile. Walimukataza ndagala mbele ya vyote. Ndagala, maini, figo, pombe."

"Pombe sinywi."

"Basi ndagala zimefanya kazi ya pombe."

Mke wangu alikuwa ameamka na kusimama nyuma ya pazia. Alitoka na kanga begani, uso umemshuka. "Nilikuwa namtia nguvu," alisema. "Mungu anajua nilikuwa namtia nguvu."

"Anajua, mama," alisema yule jirani. "Lakini mimi sikuuzii tena, hata ukilia." Akabeba beseni lake na ule unga aliokwisha kupima, akaenda zake. Mara nyingi nimewaza juu ya mwanamke yule. Tulikuwa wateja wake wa kila siku, na hakuna aliyemuuliza; angeweza kunyamaza akaendelea kutuuzia.

Jongo lilipotulia tulirudi Kawempe. Daktari alisikiliza habari ya mbuzi, akaweka paji la uso mezani. Alipima damu, na mara hii akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, vitu vya kuacha na vya kupunguza. Mbuzi alikuwemo, lakini chini kabisa, kwenye vya kupunguza. Mukene alikuwa juu. Soda pia ilikuwemo, nayo niliipenda kwenye maulidi. Akanipa kidonge kidogo cha kila siku.

"Mzee, sikia vizuri. Hii dawa, mwanzo, maumivu inaweza kurudi. Usiache. Watu wengi wanaacha hapo. Ikirudi, barafu, mguu juu, ile dawa ya maumivu, na kidonge unaendelea. Wewe mwalimu, unajua subira."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeijua subira. Mwezi wa pili wa dawa maumivu yalirudi kweli, na nilikuwa nimeshika kile kidonge mkononi nikitaka kukitupa. Nikakimeza. Mke wangu akaleta barafu kwenye kitambaa na jagi la maji, akaketi, akahesabu kwa tasbihi yake bilauri nilizokunywa. Siku tatu tu, na maumivu hayakufikia hata nusu ya yale ya kwanza.

Katika siku zile tatu ndipo nilipomwomba aondoe nguo kwenye kiti. Alikifuta, nikaenda nacho msikitini adhuhuri, nikakiweka mwisho wa safu ya kwanza, nikakaa. Hakuna aliyenitazama. Mwenzangu alisalisha vizuri, kwa utulivu kuliko mimi. Kwa miaka mingi sikuwa nimeifuata adhuhuri bila kuibeba mwenyewe, na niligundua kwamba kuna vitu nilikuwa navikosa pale mbele. Nilikaa kwenye kiti kile kwa miezi miwili na sikuona haya hata siku moja, wala sielewi kwa nini nilikuwa nimeogopa.

Siku moja baada ya mvua ya alasiri, mimi na mke wangu tulikuwa nyumbani peke yetu, msikiti hatukuuwahi. Nilisimama mbele, yeye nyuma yangu. Sikuwa nimekusudia. Nilipotoka kwenye itidali, kule kusimama baada ya kurukuu, badala ya kurudi nyuma kutafuta kitanda, nilishuka. Magoti, mikono, paji la uso. Kidole kikakunjika. Kilikuwa kigumu kidogo, kama mlango uliofungwa muda mrefu, lakini kikakunjika, na harufu ya ule mkeka wa zamani ikanijia puani. Nilisema niliyopaswa kusema mara tatu, kisha nikasema mengine, kisha nikawa sina la kusema na bado sikuinuka.

Baada ya salamu mke wangu alinishika bega kutoka nyuma.

"Mwalimu, nilidhani umekwama. Nilikuwa nawaza nimwite nani aje kukuinua, na mimi niko ndani ya swala."

"Sikukwama."

"Ulikuwa unafanya nini muda wote ule?"

"Nilikuwa nimefika," nilisema.

Aliniangalia kidogo, akakunja misala yake, akaenda kunimiminia maji.