Kioo Kilichoonyesha Mabati

Harufu ya chuma kinachochomelewa imeingia sebuleni na siwezi kutulia. Nafunga dirisha, nalifungua tena. Fundi yuko nje, anatengeneza geti.

Baba naye alichomelea mageti, uani kwetu Dodoma, miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu baada ya rafu kukaa tupu muda mrefu. Siku moja tulikwenda naye dukani, mama na mimi, kumchagulia kioo cha kukinga macho. Vilikuwepo viwili. Mama alitoka navyo kwenye jua la mchana, vumbi likimpiga, akaviinua kimoja kimoja. Katika kile cheusi aliona jua peke yake, dogo, la kijani. Katika kile cha pili aliona mpaka mabati ya nyumba iliyo jirani na duka.

"Chukua hiki cheusi, baba watoto."

"Nikivaa hicho sioni ninapochomelea. Nitaharibu kazi za watu."

Baba akachukua kile cha pili, kisicho cheusi sana. Jioni baada ya kazi alilala chali, machozi yakimtoka kama aliyemwagiwa mchanga machoni, mama akimwekea vipande vya kiazi kibichi kwenye kope. Asubuhi akarudi kazini.

"Fundi amevaa kioo gani?" anauliza baba, mzee sasa, kutoka kwenye kochi.

Nachungulia. Fundi amevaa miwani ya jua ya mtumba.

"Cheusi, baba. Cheusi kabisa."

Anaitikia kwa kichwa, ameridhika, uso ameuelekeza ukutani, upande usio na dirisha.